Analala na begi mgongoni, na shule bado wiki tatu

Haya jamani karibuni tena kwa Shangazi. Mwezi huu sanduku limejaa shule tupu, wazazi mnaandika kama nyie ndo mnaopelekwa darasa la awali, kuna mmoja kaniandikia saa nane usiku kabisa. Nimechukua barua nne. Zingine zinafanana, kwa hiyo ukiona ya mwenzio imejibiwa jua na yako imo humohumo.

Shangazi shikamoo. Nina binti ana miaka minne na nusu, anaanza shule kwa mara ya kwanza, zimebaki wiki tatu ila humu ndani hakulaliki. Tangu apate begi halivui, analala nalo mgongoni, jana usiku nikajaribu kulitoa taratibu akashtuka akasema "nitachelewa". Viatu vya shule anashinda navyo ndani, ko ko ko ko toka asubuhi mpaka jioni. Mgeni akiingia hata kukaa hajakaa anaambiwa "mimi naenda shule". Juzi kamwambia hivyo fundi bomba, fundi akamjibu hata mimi nilienda, binti akamuuliza "ukarudi?" Ndani ya begi kuna mawe matatu, soksi moja, picha ya mbwa, na nadhani rimoti ya tivii maana tunaitafuta leo siku ya tatu. Kila asubuhi swali ni lilelile, "ni leo?" nikisema bado analia. Sasa dada yangu ananiambia nimpunguze hicho kiherehere, eti akifika akakuta sivyo alivyodhani ataichukia shule moja kwa moja. Je nimpoze? Na hizo wiki tatu namwelezaje mtoto wa umri huu? *Mama Begi*

Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka nikafika hapo kwa fundi bomba, hapo nikaacha kucheka. "Ukarudi?" Hilo swali usilipite hivihivi, ntalirudia.

Kwanza usimpoze. Dada yako ana nia njema ila hapo kakosea, kiherehere si ugonjwa, shida ni kwamba mtoto hajui hasa anafurahia nini. Hebu leo jioni mkiwa mmetulia muulize, bila kumsahihisha hata neno moja, huko shule kuna nini? Watu wanafanya nini? Wewe utakaa wapi? Mimi nitakuwa wapi? Halafu nyamaza usikilize. Kichwani mwake shule ni begi na viatu na kitu fulani ambacho watoto wakubwa wanacho yeye hana, basi. Wapo wanaodhani mama ataingia nao darasani akae kwenye kiti cha pembeni. Wapo wanaodhani siku hiyohiyo watajua kusoma, akirudi nyumbani anafungua kitabu anakitazama, anakigeuza, anakitazama tena, anaangua kilio "hawajanifundisha!"

Wa kwangu wa kwanza, ambaye sasa hivi ana ndevu, siku ya kwanza alienda anaruka akarudi anaruka. Akavua viatu akavipanga ukutani vizuri kabisa, akanikabidhi begi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akasema "haya mama, nimeshasoma". Nikampa hongera. Kesho yake asubuhi namwamsha ananitazama kama nimechanganyikiwa, "si nilienda jana?" Kumbe mwezi mzima nyumba nzima tulikuwa tunamwimbia utaenda shule, utaenda shule, hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia ni kila siku. Alilia siku hiyo we acha tu, na shule aliipenda, ila yeye alijua kamaliza.

Kwa hiyo hiyo furaha usiipunguze, ijaze. Ijaze vitu vya kweli vidogovidogo ambavyo kwetu sisi viko wazi mno hata hatuoni haja ya kuvisema. Kwamba ticha ni mmoja na watoto ni wengi, hivyo kuna wakati atanyoosha mkono na ticha atamwita mwingine kwanza. Kwamba ukibanwa na choo unasema, unasema hivi, na unasema mapema. Kwamba kuna siku mtachora na kuna siku hamtachora. Kwamba kusoma kunakuja polepole, kama alivyojifunza kutembea, hakuamka tu asubuhi moja akakimbia. Mwambie hayo kwa sauti ileile unayomwambia mvua itanyesha, usiwe unahubiri. Na usimwambie "utafurahi saaana", maana siku asipofurahi atadhani kosa ni lake.

Na waambie watu wa hapo nyumbani, hasa wale wajomba wa mdomo, wakome na "ngoja uende shule ticha akunyooshe". Wanasema wakicheka, mtoto hacheki, mtoto anaweka akiba.

Sasa "ukarudi?" Mtoto wa miaka minne na nusu anayemuuliza hivyo mtu mzima anayemwona mara ya kwanza, huyo ana swali analozunguka nalo nyumba nzima ila hajui pa kuliweka. Furaha na woga kwa mtoto vinakaa kitanda kimoja mwanangu, pengine ndo maana begi haliachi. Mjibu bila kusubiri aulize tena. Usimwambie nakuja saa sita, saa sita yeye haijui, mwambie nakuja mkishamaliza jambo fulani analoweza kuliona, mfano mkishakula na kucheza nje na kuokota madaftari, mlango ukifunguliwa nitakuwa pale. Ulizia shuleni utaratibu wao ukoje ili usimpe ahadi ya uongo. Na ukiahidi utakuwa pale, kuwa pale. Hiyo wiki ya kwanza dakika kumi za kuchelewa kwako kwake ni mwaka.

Halafu wiki tatu. Kwa umri wake "kesho" ni siku yoyote ijayo na "jana" ni siku yoyote iliyopita, hata bethdei ya mwaka jana ni "jana", kwa hiyo ukimwambia bado wiki tatu umemwambia hewa. Kata karatasi vipande 21, viunganishe pete kwa pete uwe mnyororo, utundike mahali anapoufikia kwa macho si kwa mikono (nasema haya kwa uzoefu). Kila usiku kabla ya kulala anachana pete moja. Usiku, si asubuhi, ili akiamka na "ni leo?" wake umwonyeshe mnyororo, ujibu wenyewe. Kuna siku atapanda kiti achane tano kwa mpigo ili shule iharakishe, msigombane, chukueni gundi mzirudishe pamoja mkihesabu.

Viatu mwache avivae, tena vizuri, kiatu kigumu bora kimchubue nyumbani kuliko siku ya kwanza akiwa mstarini. Angalia tu mbele ya kidole gumba kuna nafasi kama sentimita moja, na upime jioni maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Ila kiatu si cha kutembelea tu, je anaweza kukivaa mwenyewe? Na hilo begi, zipu yake anaifungua? Chupa ya maji? Sketi au suruali akienda chooni, kufungua na kufunga? Ticha mwenye watoto darasa zima hawezi kufungia kila mmoja kifungo, na mtoto anayeshindwa kufungua suruali yake hasemi, anajikojolea halafu hataki kurudi tena, sisi tunabaki kuuliza shule imemfanya nini. Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo Roma Januari 1907, alitengeneza vifremu vya mbao vyenye kitambaa pande mbili, kimoja cha vifungo, kingine cha kamba, kingine cha ndoano, mtoto anakaa anafunga na kufungua mpaka atosheke, na hilo linahesabiwa ni somo kama masomo mengine. Wewe huhitaji kifremu, lipo shati lako kuukuu. Mpe.

Usingizi nao. Mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Kama sasa hivi analala mkilala nyie, anza kumrudisha nyuma robo saa kila baada ya siku mbili tatu, usingoje usiku wa mwisho ukamlaza saa moja jioni akakodolea macho dari.

Rimoti angalia kile kimfuko cha pembeni cha chupa ya maji. Kama haipo basi kaipeleka mahali ambako yeye anaona ndo ofisi.

Habari Shangazi. Mimi ni baba, naona aibu kidogo kuandika. Kijana wangu ana miaka mitano, siku ya kwanza ya shule aliniachia mkono getini akaingia hata hakugeuka, mimi ndo nilibaki pale nikijifanya nina kitu jichoni. Wiki nzima akawa anaamka kabla yetu. Sasa wiki ya pili kimebadilika, getini ananing'ang'ania shingo, analia, naambiwa na watu nitoroke akiwa anachezeshwa. Siku mbili nimetoroka, siku ya tatu akaanza kulia tangu nyumbani. Kuna kitu kimempata? *Baba wa Getini*

Salama baba, na aibu ya nini, mababa wanaolia getini ni wengi kuliko wanaokiri.

Uwezekano mkubwa hakijampata kitu. Wiki ya kwanza alikuwa mgeni wa heshima, kila kitu kipya, kila mtu anamuuliza shule vipi. Wiki ya pili kagundua mambo mawili, kwamba hii safari haina mwisho, na kwamba wewe ukiondoka maisha yako yanaendelea huko bila yeye. Ndo kwanza ameijua shule. Wapo wanaolia siku ya kwanza wakanyamaza wiki ya pili na wapo kama wako, wanaanza kwa shangwe deni linakuja baadaye, na hawa ndo wanaotuchanganya zaidi kwa sababu tulishapiga makofi.

Kutoroka acha leo hii. Naelewa kwa nini watu wanakushauri, maana ukitoroka wewe husikii kilio, ila yeye anachojifunza ni kwamba nikiacha kukuangalia sekunde moja tu unapotea, kwa hiyo dawa ni kutokuacha kukuangalia. Ndo maana siku ya tatu kaanza kulia tangu nyumbani, anakulinda.

Aga. Aga kifupi, aga vilevile kila siku. Tunga kitu chenu, kugonganisha ngumi, busu kwenye kiganja akalifumbate, neno moja la utani, chochote ila kiwe kilekile, halafu geuka uende, hata kama analia, na usirudi dirishani kuchungulia maana akikuona tu mnaanza upya. Uso wako nao. Ukisimama pale una sura ya msibani yeye ataamini kuna msiba. Ulie ukishapita kona.

Jioni mpigie ticha au muulize jambo moja tu, nikishaondoka analia muda gani? Mara nyingi utaambiwa dakika chache, kisha anacheza kama hakuna kilichotokea, wewe ndo unashinda kazini na ule mlio masikioni. Lakini kama ni nusu siku, au wiki zinapita anazidi badala ya kupungua, au tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule ila siku za mapumziko haliumi kabisa, au ameacha kula, basi hapo usiite deko. Kaa na ticha mtafute chanzo, na uliza na vile vitu vidogo, nani anakaa naye, wakati wa mchezo anacheza au anasimama ukutani, vyoo vikoje. Nasisitiza vyoo. Kuna mtoto namjua alikataa shule mwezi mzima, watu wakaita viongozi wa dini, kumbe mlango wa choo ulikuwa mzito anaogopa ukijifunga hatatoka. Wakamwekea jiwe, kwisha.

Shangazi naomba unisaidie nshachoka. Ticha ananisifia binti yangu, eti mpole, anasikiliza, anagawa rangi na wenzake. Huyo mtoto mimi simjui. Akivuka mlango wa nyumbani tu ni vita, jana kalala chini analia nusu saa kwa sababu nimempa kikombe cha kijani alitaka cha bluu. Na usiku ameanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha. Ana miaka mitano. Nimuulize nini hasemi, "leo mmejifunza nini?" anajibu "sijui". *Mama Kikombe*

Mwanangu huyo mtoto wa ticha na huyo wa kwako ni mmoja, ila ule upole una gharama na bili unaletewa wewe. Fikiria kutwa nzima anakaa akiambiwa kaa, anangoja zamu, anamwazima mtu rangi aliyoipenda mwenyewe, anabana mkojo, anajizuia kulia akisukumwa. Saa zote hizo hajapata pa kuachia. Akikuona wewe anaachia. Wala kikombe hakihusiki, ungempa cha bluu angelilia kijiko. Ukitaka kujipa moyo, anakulilia wewe kwa sababu ana uhakika huendi popote.

Kwa hiyo nusu saa ya kwanza usitake kitu kwake. Mpe maji, mpe chochote cha kula, mvue viatu, mwache alale sakafuni kama anataka kulala sakafuni. Hakuna maswali, hakuna wageni, hakuna "msomee shangazi herufi zako". Maswali yaje wakati wa kuoga au taa zikizimwa, na yawe madogo, nani alikaa upande huu? Kuna mtu alilia leo? Ticha alivaa nini? "Mmejifunza nini" ni swali la mkaguzi, hata mimi ukiniuliza nikitoka kazini umefanya nini leo ntakwambia sijui.

Kitanda, usimwaibishe na usiruhusu kaka zake wamtanie. Katika watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 hivi bado wanakojoa usiku, hata kabla hujaweka uchovu wa shule juu yake. Kwa mtoto aliyekwishaacha akirudia kipindi cha mabadiliko makubwa, mara nyingi hupita shule ikizoeleka. Mpeleke chooni kabla ya kulala, weka plastiki chini ya shuka, endelea na maisha. Ila akiwa anakunywa maji kupita kawaida, au anasikia maumivu akikojoa, au hata mchana anajikojolea, huyo mwone daktari, hapo si mambo ya shule tena.

Mwanangu unayejiita Shangazi, mimi ni bibi wa wajukuu wawili. Mkubwa kaanza shule, sasa huyu mdogo wa miaka mitatu kila asubuhi analia anataka na yeye aende, anavaa soksi za kaka yake zinafika kiunoni. Jirani anasema tumpeleke tu, siku hizi asiyejua kusoma akiwa na miaka minne kachelewa. Ni kweli? *Bibi*

Shikamoo bibi. Hizo soksi nimeziona kabisa.

Jirani mwambie apunguze spidi. Ufini mtoto anaanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7, Uingereza wengi wanaanza wakiwa na miaka 4, na kote huko wanajua kusoma. Hata yule Mjerumani Friedrich Fröbel aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, ile aliyokuja kuiita bustani ya watoto, aliijenga juu ya michezo, nyimbo na vibao vya mbao, hakuanza na abechee. Mtoto wa miaka mitatu akipata mahali pazuri pa kucheza na wenzake, pana watu wanaomjali, na nyie mnapahitaji, mpelekeni bila wasiwasi. Ila kumpeleka kwa sababu jirani anahesabu miaka, hapana. Huyo hata shule haitaki bibi, anamtaka kaka yake, na anataka kuwa na mahali pa kwenda asubuhi kama watu wengine.

Basi mpe mahali. Wangu wa mwisho alikuwa hivyohivyo, tukampa mfuko wa zamani wa kitambaa tukatia penseli moja fupi na karatasi, kaka yake akiondoka na yeye anaaga kila mtu, anatushika mikono mmoja mmoja, anaenda shule. Shule yenyewe ilikuwa chini ya meza. Nilikuwa nikipita naambiwa nisipige kelele ticha anafundisha. Alisoma hapo miezi saba, akitoka anachungulia kwanza kama kuna mtu amekuja kumchukua, kwa hiyo ilibidi tupangiane zamu.